Bwana Afya na Hatua Ishirini

Jina lake nalijua, na hata jina la baba yake nimewahi kulisoma juu ya bahasha. Lakini nikiliandika hapa, mtu wa Changamwe atauliza, "Huyo ni nani?" Kwetu alikuwa Bwana Afya, basi. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye mwenye gari la chakula, alimwita hivyo usoni na majina mengine akishageuka. Hata mkewe ukimwuliza mumewe yuko wapi alikuwa akijibu, "Bwana Afya hajarudi kutoka kazini."

Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kazi yake ilikuwa kuwakagua wote wanaouza chakula Changamwe nzima: wenye hoteli, wenye mikokoteni, wenye karai za viazi barabarani, na wale wa kahawa. Alikuwa na kofia ngumu nyeupe, baiskeli ya baraza la mji, na vibanio viwili vya kubania suruali isiingie mnyororoni. Vibanio hivyo alivisahau miguuni. Nimemwona msikitini Ijumaa amevaa kanzu na vibanio.

Watu walimtazama ulimi kwanza. Aliandika kwa kalamu ya risasi ya zambarau, ile isiyofutika, na kabla ya kuandika lazima aitie mate. Akija na ulimi wa kawaida, hajamwandika mtu siku hiyo. Akija na ulimi wa zambarau, kuna muuza samaki mahali analia. Ouma, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye matangi ya mafuta, ambaye alikula kwa Mama Mkubwa kila siku ya kazi, alimwambia mara moja, "Bwana Afya, hebu fungua mdomo useme aaa." Naye akafungua kweli, kwa kuwa alidhani anaulizwa jambo la afya. Wanaume kumi na watano wakaangalia ndani. "Zambarau," akasema Ouma. "Funikeni sahani."

Hakumwonya mtu kabla hajamwamkia vizuri. Hili wageni kutoka bara liliwachanganya, maana walidhani mtu anayekuuliza habari za goti lako hawezi kukuandika. Alisimama mbele ya Mama Mkubwa, kofia mkononi:

"Umeamkaje, bibiye?"

"Salama."

"Na goti?"

"Lajitahidi."

"Na huyu msomi wetu?" Hapo alinigeukia mimi, nami nikasema shikamoo kwa sauti ambayo ni mimi peke yangu niliyeisikia. "Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi. Haya, tuanze na maji."

Hayo maneno, tuanze na maji, yaliwatia watu wazima baridi. Maana baada ya maji yalikuja masufuria, kisha vitambaa, kisha kucha, kisha chini ya meza, ambako alipitisha kidole na kukinusa akiwa amefumba macho.

Kucha ndizo zilizonifanya nimchukie kwa mwezi mzima. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi na wasichana wawili wa shule yetu, mabinti wa watu wa mjini, mikono yao laini. Bwana Afya akasimamisha baiskeli, akaniamkia, akanishika vidole, akasema mbele yao, "Msomi wetu, hizi za kulia zimetuangusha." Sikuongea naye tena mpaka mwezi ukaisha. Naandika ukweli: hakutambua. Siku nilipoamua kumsamehe, nilikuta hana habari kwamba alikuwa na kosa.

Na hakula. Hili ndilo lililowaudhi watu kuliko maonyo. Pwani mtu akikwambia karibu, unaonja japo tonge moja, la sivyo umemwambia chakula chake kina kasoro. Bwana Afya hakuonja cha mtu yeyote aliyempa leseni. Jumatatu na Alhamisi alisema amefunga sunna, na kweli alifunga. Siku nyingine alitafuta sababu. Alikuwa na tumbo. Alikuwa na jino. Alikuwa ametoka kula sasa hivi, na saa ni mbili asubuhi. Mama Mkubwa alimwambia, "Bwana Afya, wewe ukifa watatushuku sisi, na wala hujala chetu." Lakini pua yake ilikula. Alisimama upande unakoelekea moshi wa mbaazi na kusema, "Tui la leo ni la pili hili. La kwanza umelificha wapi?" Na Mama Mkubwa, ambaye onyo la maandishi alilipokea kimya, kwa neno hilo alinuna siku nzima, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kwenye harusi ya jirani alijisahau kabisa. Alipelekwa ukumbini akae na wanaume, lakini tulimkuta uani kwa wapishi, anafunua sufuria za pilau moja moja na kuuliza nyama imechinjwa saa ngapi. Wanawake walimfukuza kwa miiko. Alirudi mbio, mtu mzima wa makamo yake, na mkewe akacheka mpaka akakaa chini.

Huyo mkagua masufuria ya watu, nyumbani kwake hakuweza kuchemsha hata yai. Na aliogopa vyura. Mvua ikinyesha ilibidi mtu amtangulie mpaka barabarani.

Sasa nieleze gari, maana bila gari utadhani namcheka tu.

Lilikuwa gari la kusambazia mkate. Lilipochoka, injini haiwaki tena, Mama Mkubwa akalichukua, akamwambia Ouma akate dirisha refu ubavuni, akaweka ubao wa kupakulia, rafu za sahani, na majiko mawili ya makaa. Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa nyumbani kwa watu, miaka kumi na moja, anaitwa kwa kengele. Aliniambia, "Nikirudi kwenye kengele ile, ujue nimeshindwa na dunia." Kwa hiyo gari halikuwa gari tu. Kila alipokwenda kuomba leseni nilijua anaomba nini.

Ofisini walimwambia hakuna leseni ya gari linalouza chakula. Iko ya hoteli, ambayo lazima iwe na kuta nne na sakafu ya saruji. Iko ya mkokoteni. Karani akafunga daftari. Bwana Afya, aliyekuwa amekaa pembeni akijaza fomu zake, akauliza bila kuinua uso:

"Lina magurudumu?"

"Manne," akasema Mama Mkubwa.

"Linasukumika?"

"Likisukumwa."

"Basi ni mkokoteni. Mwandikie."

Ndivyo gari la mkate lilivyoandikwa mkokoteni, na ndivyo shida ilivyoanza. Kwa sababu sheria ya mikokoteni ina kifungu kimoja ambacho walikitunga wakiwafikiria watu wa barafu na wa mihogo: mwenye mkokoteni wa chakula asisimame mahali pamoja zaidi ya nusu saa.

Kifungu hicho nilikisoma mimi. Bwana Afya Kiingereza alikijua cha kazi tu, na jioni alinilaza njaa barazani kwake nikimsomea kitabu cha sheria ndogo za baraza. "Sema kwa sauti, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Hii si siri." Nilipofika hapo pa nusu saa akanirudisha mara tatu.

"Hawakusema liende umbali gani?"

"Hawakusema."

"Tazama ukurasa wa nyuma."

"Hakuna, Bwana Afya."

Akatia kalamu mate. Kesho yake alikuja penye ukuta wa matangi, akasimama kwenye bampa ya gari la Mama Mkubwa, akatembea mbele akihesabu kwa midomo, akapiga mstari chini kwa kisigino. Hatua ishirini. Ofisi haikusema, kwa hiyo amesema yeye.

Basi kwa miaka mitatu Changamwe iliona jambo ambalo sidhani limeonekana kwingine. Kila nusu saa Mama Mkubwa aligonga sufuria kwa upawa, na wanaume waliokuwa wanakula waliweka bega kwenye gari, sahani mkono mmoja, wakalisukuma hatua ishirini kwenda upande wa lango la matangi. Nusu saa baadaye, hatua ishirini kurudi. Chai ilimwagika, lakini si sana, walizoea. Aliyekuwa mgeni alijulikana kwa kuuliza, "Tunakwenda wapi?" Nao wenzake wakamjibu, "Kule. Halafu hapa."

Bwana Afya alikuwepo mara nyingi, saa mkononi.

"Bwana Afya," Ouma akamwambia siku moja huku anasukuma na kutafuna, "na mimi nikisimama hapa zaidi ya nusu saa nitaandikwa?"

"Wewe huuzi."

"Nikiuza?"

"Ukiuza nini?"

"Maneno."

"Maneno huyauzi, unayagawa bure," akasema Bwana Afya, na hiyo ndiyo siku pekee nilipomsikia akimshinda Ouma.

Maonyo yalikuwa matatu, la tatu leseni inachukuliwa. Mama Mkubwa alishapata mawili. La kwanza lilikuwa la kitambaa kimoja kufutia sahani na meza. La pili, kuku aliyeingia garini na kukataa kutoka wakati wa ukaguzi. Akabakiwa na moja, na alitembea nalo kama mtu aliyebeba mtungi kichwani.

Masika ya mwaka nilioingia kidato cha pili yalikuwa mabaya. Siku ya Jumamosi, niko likizo, king'ora kililia wanaume wakaingia kazini wote, na gari likabaki limezama tope mpaka nusu ya magurudumu. Tukabaki mimi na Mama Mkubwa na masufuria. Mvua ikasita kidogo. Ndipo baiskeli ikatokea, na mwenyewe juu yake amekunja miguu ili asikanyage vyura.

"Umeamkaje, bibiye?"

"Usinizungushe, Bwana Afya. Toka king'ora kilie tuko hapa."

Akatazama saa. "Zimebaki dakika nane."

"Hesabu, baba. Mimi sina miguu ya ng'ombe."

Alisimama. Nakumbuka maji yakimtiririka kwenye ukingo wa kofia. Alitazama upande wa lango, hakuna mtu. Akatazama saa tena, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa. Ikabaki dakika tano. Akavua kofia akanipa. Akavua koti la kazi akanipa. Akaenda nyuma ya gari, akaweka bega.

"Msomi, weka vitu hivyo ndani uje huku. Bibiye, shika usukani."

Tulisukuma. Alikuwa akisema bismillahi kila mara, na kila mara gari lilipanda kidogo na kurudi. Aliteleza akaanguka kwa magoti, akainuka. Mara ya nne au ya tano likachomoka, likaenda lenyewe, sisi tukilifuata kama watu waliochelewa, mpaka likagota kwenye mtaro na kusimama. Bwana Afya akarudi kule lilikokuwa, ametapakaa tope mpaka nyusi, akaanza kuhesabu. Ziliishia kumi na tano.

Akatoa kalamu mfukoni mwa shati. Ilikuwa imelowa, imempaka kifua chote zambarau.

Mama Mkubwa akashuka garini. "Sheria yasema hatua za nani?"

"Haisemi."

"Basi nipime mimi."

Mama Mkubwa ni mfupi, na goti lile alikuwa nalo. Alitembea kutoka kwenye mashimo ya magurudumu mpaka kwenye bampa, ameshika buibui juu, Bwana Afya akimfuata na kuhesabu kwa sauti kama imamu. Zikafika ishirini na kisigino.

"Ishirini," akasema. Akaandika saa, akavaa kofia, akaondoka. Wiki nzima alipanda baiskeli amepinda mgongo upande mmoja.

Baada ya hapo, siku kumi hivi, alileta karatasi. Imeandikwa kwa mkono, mwandiko wake wa kusimama wima: mwenye gari hili ameruhusiwa kusimama ukutani pa matangi tangu asubuhi mpaka alasiri, bila kuhama. Mama Mkubwa akaitia kwenye kioo, akaitundika juu ya ubao. Gari halikusukumwa tena. Magurudumu yakaisha upepo, injini ikatolewa ili papatikane mahali pa jiko la tatu. Bwana Afya aliendelea kuja, akaendelea kuanza na maji, akaendelea kutokula.

Amestaafu mwaka huu wa Uhuru, akahamia kwao Kisauni. Mahali pake kaja afisa wa afya kijana, wa bara, mpole, tai shingoni. Mwezi uliopita, bendera za kushika mkononi zimeshaanza kuuzwa, aliisoma karatasi ile kwenye kioo mara mbili.

"Mama, hii imetoka wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu haiko. Faili la gari hili ni tupu. Kwenye daftari la mikokoteni mna leseni yake tu, na mkokoteni ni nusu saa." Alisema kwa huruma, lakini alisema. Ndani ya siku saba gari lihame kila nusu saa kama sheria inavyotaka, au liondolewe.

Lisingeweza kuhama hata nusu hatua. Usiku ule Mama Mkubwa alipiga pasi gauni lake la zamani la upishi, bila kusema kwa nini. Asubuhi nikachukua karatasi ile, mimi ambaye kwenye basi huogopa kumwambia kondakta nashuka, nikapanda mabasi mawili mpaka Kisauni.

Nilimkuta uani kwenye kigoda, amevaa kikoi na fulana, anakuna nazi vibaya. Mkewe alikuwa akimwonyesha. "Msomi wetu," akasema, akafurahi, akaniuliza habari za goti. Nikampa karatasi. Akaitazama, akaacha kuuliza.

"Nani ameiona?"

"Afisa mpya. Anasema haiko ofisini."

"Haiko, ndiyo." Akafuta mikono. "Hii niliiandika mimi, mezani kwangu mwenyewe. Baraza halina habari nayo."

Mtu aliyewaandika watu kwa sababu ya kuku. Akaingia ndani, akatoka na bahasha, na ndani yake nakala za barua nne, alizowaandikia wakubwa miaka miwili mfululizo. Zote zinauliza jambo moja: gari la chakula si mkokoteni wala si hoteli, tafadhali litungiwe kifungu chake, na lipewe mahali pa kusimama.

"Nilingoja jibu," akasema. "Halikuja. Na mgongo wangu hauwezi kusukuma gari lile mara ya pili. Nikajijibu."

Mkewe akasema, "Na pensheni yako?"

"Wataamua wao." Kisha kwangu: "Mwambie bibiye nakuja siku ya saba. Asilisogeze."

Alikuja, na kofia nyeupe. Afisa mpya alimkuta amesimama mbele ya ubao, akamwamkia shikamoo, akavua miwani. Ouma na wenzake walikuwa na sahani mkononi na hawakutafuna. Bwana Afya alinyoosha ile karatasi, akasema kwa sauti ya kusomea sheria:

"Hii ni kosa. Niliiandika bila idhini. Huyu mama hakujua, aliipokea kama watu wanavyopokea karatasi za serikali. Niandike mimi, yeye mwache." Akampa na zile barua nne.

Kijana alizisoma zote, pale pale, amesimama juani. Alipomaliza ya nne akarudia ya kwanza.

"Mzee, hawakukujibu hata moja?"

"Hata moja."

Akazikunja, akazitia mfukoni mwa ndani. "Nitazipeleka kwenye kamati mwenyewe," akasema. "Mpaka wakae, gari libaki lilipo. Nitaandika hivyo na nitatia sahihi yangu mimi." Kuhusu ile karatasi nyingine hakusema kitu. Aliichukua akaigeuza, akaandikia upande wa pili, upande mweupe, kwa hiyo sasa maneno yake yako mgongoni mwa maneno ya Bwana Afya na huwezi kutupa moja bila jingine.

Mama Mkubwa alikaa kwenye ngazi ya gari. Ouma akamwambia, "Mama, pakua, tunakufa," watu wakacheka wote kwa pamoja. Mama Mkubwa akainuka, akamimina chai, na kikombe cha kwanza akakiweka mbele ya Bwana Afya.

Yeye hakukitazama kikombe. Alikuwa ameinama juu ya ubao, anachungulia ndani.

"Bwana afisa," akasema, "maziwa yale hayana kifuniko. Nzi wawili nawaona kutoka hapa. Liandike."

"Bwana Afya," akasema Mama Mkubwa taratibu, "leo?"

"Leo ni siku ya kazi, bibiye."

Kijana akamtazama yeye, akamtazama Mama Mkubwa, akaomba radhi, akaandika. Kamati ilikaa wiki iliyopita, ruhusa ikapita, na jana nililiona faili lenyewe mezani kwa afisa. Lina karatasi mbili. Moja inasema gari la Mama Mkubwa liachwe lisimame. Ya pili ni onyo la maziwa, la kwanza katika hesabu mpya, maana yale mawili yalikuwa ya mkokoteni, na pembeni afisa ameandika kwa wino jina la shahidi aliyewaona nzi.